Shahidi Aliyekufa na Shahidi Aliyeona: Pambano la Mwisho la Thunder Child katika Riwaya ya H. G. Wells

Ikisiri

Makala haya yanachunguza pambano la mwisho la manowari Thunder Child katika The War of the Worlds, riwaya ya H. G. Wells (1898). Hoja yetu ni kwamba ushujaa wa pambano hilo haujengwi na silaha wala ushindi, bali na usimulizi: wapo wanaokufa bila kusema, na yupo anayenusurika akasema. Makala yanaonyesha pia kwamba fursa ya kusimuliwa haigawanywi kwa haki, na kwamba riwaya yenyewe inalidokeza jambo hilo bila kulitatua.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina neno moja kwa watu wawili. Shahidi ni mtu aliyeliona tukio kwa macho yake na anayeweza kulieleza. Shahidi pia ni mtu aliyeuawa akitetea imani yake. Katika hadithi za vita za kisayansi, hasa zile ambamo kundi dogo hupigana hadi mwisho na adui asiyeshindika, maana hizo mbili huhitajiana. Aliyekufa asipopata wa kumshuhudia, kifo chake hakiingii katika hadithi. Na aliyeona asipojihisi kuwa na deni kwa waliokufa, masimulizi yake hubaki kuwa habari tu. Mjadala kuhusu mapambano ya aina hii aghalabu huishia katika kupima ujasiri: nani alikabili maadui wengi zaidi, nani alidumu muda mrefu zaidi. Makala haya yanauliza swali jingine: nani alibaki akasimulia, na alikuwa amesimama wapi alipoona?

2.0 Manowari Isiyosema

Katika sura ya 17 ya kitabu cha kwanza, wakazi wa London wanaowakimbia wavamizi kutoka Mirihi wamefurika katika pwani ya Essex. Ndugu wa msimulizi, mwanafunzi wa udaktari, amepata nafasi katika stima iendayo Ostend pamoja na wanawake wawili aliokutana nao njiani. Wamirihi watatu, ndani ya mashine zao ndefu za miguu mitatu, wanaingia baharini kuwazibia wakimbizi njia. Ndipo Thunder Child, manowari iliyoundwa kwa ajili ya kugonga vyombo vya adui, inapowaelekea kwa kasi yake yote. Mwanzoni haifyatui mzinga hata mmoja, na ukimya huo unawatatanisha Wamirihi. Moshi wao mweusi unashindwa kuizuia. Mwale wao wa joto unaitoboa. Hata hivyo Mmirihi wa kwanza anaanguka. Huku ikiungua, manowari inamwendea wa pili. Inalipuka kabla ya kumfikia, lakini gofu lake, likisukumwa na mwendo liliokuwa nao, linamgonga na kumponda.

Tukio hili limesimuliwa kwa maneno machache mno. Hatuambiwi jina la baharia hata mmoja. Hatusikii amri, dua wala wosia. Sauti za binadamu tunazozisikia zinatoka kwenye stima: nahodha wake anapaza sauti kuhesabu Mmirihi wa pili anapoanguka, na abiria wanashangilia. Kisha mvuke unatanda, na stima inazidi kwenda zake. Mvuke unapotawanyika, manowari haionekani tena, wala Mmirihi wa tatu haonekani. Msimulizi mkuu hakuwapo. Amepokea habari kwa nduguye, naye nduguye aliona kwa mbali, akiwa juu ya chombo kilichokuwa kikikimbia. Umbali huo si udhaifu wa usimulizi. Wells anatuweka miongoni mwa waliookolewa, mahali ambapo kushangilia ni rahisi kwa kuwa wengine ndio wanaokufa.

Aidha, pambano hilo haliamui matokeo ya vita. Wamirihi watakuja kuangamizwa na bakteria, si na mizinga. Kilichopatikana ni muda tu, wa kutosha stima kufika mahali pa usalama. Hata hivyo, muda huo ndio unaoleta hadithi: bila stima kuokoka, pasingekuwa na sura ya 17.

3.0 Askari Asemaye Sana

Maana ya ukimya wa manowari hubainika zaidi tunapoulinganisha na maneno ya askari wa mizinga. Yeye pia ametoka katika pambano: kikosi chake kiliteketezwa, naye akanusurika. Msimulizi anapokutana naye tena katika kitabu cha pili, kwenye kilima cha Putney, askari huyu ana mpango mkubwa wa binadamu wapya watakaoishi chini ya ardhi na kujiandaa kwa vita. Lakini shimo alilolichimba kwa wiki nzima ni lile ambalo msimulizi anaona angelichimba kwa siku moja. Punde kazi inaachwa, na wawili hao wanaishia kunywa na kucheza karata.

Kwa jozi hii Wells anajibu swali letu. Manowari ina tendo bila maneno; askari ana maneno bila tendo. Askari ni shahidi aliyeona, lakini hajihisi kuwa na deni kwa wenzake waliokufa. Anawageuza kuwa utangulizi wa hotuba yake mwenyewe.

4.0 Kupokezana kwa Mkono

Filamu ya Rogue One (2016), iliyoongozwa na Gareth Edwards, inalikabili tatizo hilohilo kwa njia nyingine. Wahusika wake wakuu wanakufa katika sayari ya Scarif baada ya kurusha angani michoro ya silaha kuu ya adui. Mwishoni, askari wasio na majina wanapokezana michoro hiyo kupitia upenyo wa mlango uliokwama, huku Darth Vader akiwaua mmoja baada ya mwingine. Hapa ushahidi umekuwa kitu kinachoshikika, na kila mkono unaokipokea unajua gharama yake. Hata hivyo, mtazamaji wa filamu ya kwanza ya Star Wars (1977) anajua tangu mwanzo kwamba michoro itafika. Vifo hivyo vimekwisha kuhakikishiwa maana. Abiria wa Wells hawana hakikisho hilo; wanaingia katika ukungu bila kujua kama kuna ulimwengu utakaobaki wa kusimuliwa.

5.0 Wasiokuwa na Stima

Mtu anaweza kupinga kwamba sura hii ni sifa tu kwa jeshi la majini la Uingereza. Pingamizi hilo lina uzito, kwa sababu ya yale ambayo Wells mwenyewe aliyatanguliza. Katika sura ya kwanza anawakumbusha wasomaji kwamba Wazungu waliwaangamiza wenyeji wa Tasmania katika muda wa miaka 50, kisha anauliza kama tuna haki ya kuwalaumu Wamirihi. Anawataja wenyeji hao kama watu waliokwisha kabisa, ilhali vizazi vyao vipo hadi leo. Kosa hilo linafunua mengi. Riwaya inayokiri dhuluma ya himaya inawapa mabaharia wa himaya pambano tukufu, na Watasmania inawapa sentensi ya maangamizi. Wao hawana manowari, wala stima ya kuichukua habari yao.

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), ingawa si ya kisayansi, inasimama upande wa pili wa bahari hiyo. Inahusu Vita vya Majimaji (1905–1907), ambamo silaha hazikulingana hata kidogo. Mwishoni Kinjeketile, akiwa mateka, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa anajua neno hilo litapokewaje na vizazi vijavyo. Anaelewa kwamba adui anataka kuutwaa ushahidi baada ya kuutwaa uwanja wa vita. Kwake, pambano la mwisho ni juu ya nani atasimulia.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba pambano la mwisho hukamilika mahali pawili: palipo na wanaokufa, na palipo na anayeondoka akiwa amewaona. Wells anapajua vizuri mahali hapo pa pili, na ndiyo maana sura yake ingali na nguvu. Mhakiki wa bunilizi ya kisayansi hana budi kuihesabu stima kama anavyoihesabu manowari, na kuuliza ni akina nani waliosimama hadi mwisho pasipo chombo chochote upeoni.