Roboti Anayekula Ugali

Hapa Chepsaita, ukibishana siasa mtandaoni hukosi kuambiwa, "Wewe ni roboti tu." Ndiyo maana narudia kusoma ripoti ya Odanga Madung na Brian Obilo, iliyotolewa na Mozilla mwaka 2021. Walichunguza kampeni zenye twiti zaidi ya 23,000, zikiwemo za kuwachafulia jina majaji waliozima BBI. Na waliokuwa wakiziendesha? Watu, jameni, waliolipwa kama dola 10 hadi 15 kwa kampeni tatu kwa siku. Njama wameianika vizuri. Ila natamani wangekaa zaidi na hao wanaolipwa: kodi, bando, aibu. Akaunti isiyolala naishuku haraka. Jirani yangu akibandika hashtegi aliyotumiwa WhatsApp, kwa jina na picha yake halisi, nitamjuaje?