Laptopu Iliyomkumbuka Mwajiri Wake

Laptopu ilinunuliwa Thika mjini: mtumba wa Uingereza, kibodi haijachakaa, betri bado inashika chaji. Mnunuzi, mwalimu aliyestaafu, aliifikisha nyumbani, akaiwasha, akachagua lugha, akaiunganisha na Wi-Fi. Kitambo kidogo skrini ikabadilika. Nembo ya kampuni asiyoijua ikajitokeza, pamoja na maneno ya kumkaribisha kazini na kumtaka aweke barua pepe ya ofisi. Kesho yake akairudisha. Fundi wa duka akaifomati; nembo ikarudi. Akang'oa diski, akaweka nyingine mpya, nembo ikarudi. Mwishowe akamwambia, "Mwalimu, hii mashine bado iko na mwenyewe."

Wapo ambao wangesema ni virusi. Fundi alikuwa karibu zaidi na ukweli. Kampuni zinazonunua kompyuta kwa mamia huziandikisha katika huduma ya Microsoft iitwayo Autopilot, mara nyingi kabla boksi halijafunguliwa. Kinachoandikwa si jina la mfanyakazi bali alama za mashine yenyewe: nambari ya kiwandani, bodi kuu, chipu ya usalama na vipande vingine, vyote vimesokotwa kuwa utambulisho mmoja mrefu. Mashine iliyoanzishwa upya kama iliyotoka kiwandani ikipata intaneti huuliza seva iliyo mbali: mimi ni wa nani? Seva ikijibu kwamba ni ya kampuni fulani, mashine hutii. Kubadilisha diski hakusaidii, kwa sababu jibu halikuwahi kukaa ndani ya diski. Ndiyo maana wako mafundi wanaosanidi kompyuta kama hiyo intaneti ikiwa imezimwa, ikafanya kazi miezi mingi bila kelele, mpaka siku mnunuzi atakapoamua kuianzisha upya akiwa na Wi-Fi. Hapo nembo itamlaki tena.

Kosa lenyewe basi halikufanyika Thika. Lilifanyika katika ofisi ya mbali, siku mashine ilipoagwa. Kuna mtu aliyeifuta, tena vizuri, kwa kuwa hapakuwa na hata faili moja la kampuni ndani yake. Alichosahau ni kuitoa kwenye daftari la Autopilot. Kufuta kifaa na kukiondoa kwenye orodha ni kazi mbili, na kila moja ina mahali pake katika foleni.

Tulete jambo hili Ruiru. Mji ilikozaliwa mbegu ya kahawa iitwayo Ruiru 11 leo una maghala na ofisi, na upande wa Tatu City kuna hata kituo cha kuhudumia wateja kwa simu cha kampuni ya CCI. Tuchukue ofisi ya mfano tu, yenye laptopu 40 na simu 60, inayotumia Intune, huduma nyingine ya Microsoft, kusimamia vifaa vyake. Mfanyakazi ameacha kazi Ijumaa jioni na laptopu iko kwake nyumbani. Msimamizi anafungua ukurasa wake na kukuta vitufe vinavyofanana kama mapacha. Kimoja kinastaafisha kifaa: kinaondoa barua pepe, programu na masharti ya kampuni, kisha kinaacha vilivyobaki. Kingine kinafuta kila kitu na kukirudisha kifaa kilivyotoka kiwandani. Cha tatu kinaondoa rekodi kwenye orodha.

Mwenye haraka hubonyeza cha tatu kwanza, kwa sababu anataka orodha yake iwe safi. Hapo ndipo mambo huharibika. Kifaa kikishatoweka kwenye orodha, huna tena pa kusimama kukipa amri uliyoikusudia. Intune ina huruma kidogo: kuondoa rekodi huandamana na amri ya kutoa mali ya kampuni pindi kifaa kitakapojitokeza mtandaoni. Lakini ukurasa wa kukuonyesha kama amri ilifika haupo tena. Utabaki na imani tu.

Mpango unaofaa huanza na mtu kabla ya mashine. Akaunti ya anayeondoka inafungwa na vikao vyake vyote vinakatwa, ili hata simu iliyokwisha kuingia kwenye barua pepe itolewe nje. Kisha kazi zake zinahakikishwa kuwa ziko kwenye hifadhi ya kampuni, maana hakuna kitufe cha kurudisha kilichofutwa. Ndipo amri ya kufuta inatumwa. Baada ya hapo kuna kungoja, na hii ndiyo sehemu ambayo maelekezo mengi huipita mbio.

Amri haiendi hadi kwenye laptopu kama mshale. Inawekwa kwenye seva, kifaa kinagongewa kuambiwa kuna ujumbe, na kama kiko hewani kinakuja kuuchukua. Kikiwa kimezimwa, kimo kabatini Githurai au stima imepotea tangu asubuhi, amri inabaki pale pale ikingoja. Kwa kifaa cha Windows kilichotulia, kujiripoti kwa kawaida ni kila baada ya saa nane hivi. Kwa hiyo neno linaloonyesha kwamba amri inasubiri halina maana ya kufutika, na msimamizi anayefunga faili la mfanyakazi kwa kuona neno hilo amejidanganya.

Kuna chaguo jingine dogo linalosema ufutaji uendelee hata umeme ukikatika katikati. Linavutia kwa mashine iliyoibwa, kwa kuwa mwizi hawezi kuukatisha kwa kuizima. Microsoft yenyewe inaonya kwamba linaweza kuacha baadhi ya mashine zisiwake tena. Kwa laptopu inayorudi mezani ikangoje mfanyakazi mpya, mimi ningeliacha.

Ufutaji ukithibitika, rekodi inatolewa kwenye Intune, na kama mashine inauzwa, inatolewa pia kwenye Autopilot. Hiyo ndiyo hatua iliyorukwa kwa laptopu ya mwalimu. Inabaki saraka kuu ya kampuni, ambako nako kifaa kina jina lake. Hapa kuna mtego niuonao kuwa mbaya kuliko yote. Diski za Windows zinazolindwa na BitLocker huwa na ufunguo wa dharura, na mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye rekodi ya kifaa ndani ya saraka hiyo. Msimamizi anayefagia majina ya zamani kwa pupa akigusa rekodi ya mashine ambayo bado inatumika, amefuta na ufunguo wake. Huenda kisionekane kitu siku hiyo. Wiki kadhaa baadaye mashine itaomba ufunguo huo, pengine baada ya kubadilishiwa kipuri, na hautakuwapo.

Simu zina tabia yake. Kwenye Android, tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, programu moja inaweza kupewa cheo cha mmiliki wa kifaa. Cheo hicho hutolewa simu ikiwa mpya au imetoka kufutwa: unagusa skrini ya kukaribisha mara kadhaa, kamera inafunguka, unaskani msimbo wa QR, na kuanzia hapo simu ni ya ofisi hadi kwenye mfupa. Simu binafsi ya mfanyakazi haifanywi hivyo. Hutengewa chumba kimoja cha kazi, chenye barua pepe na programu za ofisi, na msimamizi akituma amri kinachobomolewa ni chumba hicho peke yake. Picha za ruracio, sherehe ya mahari, zinabaki. Haikuwa hivyo zamani: aliyeunganisha simu yake na barua pepe ya kazini kwa mtindo wa kale alikuwa ameipa ofisi uwezo wa kufuta simu nzima, na wengi walikubali kwa kugusa kitufe wasichosoma.

Na simu ikiibwa kwenye matatu ya Thika Road? Mwizi hutoa laini kwanza, hivyo amri ya kufuta haifiki. Kinacholinda data ni usimbaji. Simu za siku hizi huhifadhi kila kitu kwa siri, na kuzifuta ni kutupa ufunguo tu, ndiyo maana kazi huisha kwa dakika chache. Kinachozuia simu yenyewe kuuzwa ni daftari la namna ile ile: mwizi akiifleshi na kuiunganisha, simu ambayo kampuni iliiandikisha humo huuliza seva ni ya nani. Daftari lililomsumbua mwalimu ndilo linalomnyima mwizi soko.

Si laptopu na simu za ofisi tu zinazohitaji mpango. Kati ya Ruiru na Thika iko Juja, na Juja kiko chuo kikuu cha JKUAT, ambako, kama ilivyokuwa Chuo Kikuu cha Moi, ziliunganishwa tableti za sensa ya Agosti 2019, ya kwanza Kenya kuhesabu watu bila karatasi.  Kundi kubwa la vifaa vya kazi ya muda mfupi lina kanuni moja zaidi: usifute kabla seva haijathibitisha kupokea, kwa kuwa ndani ya tableti moja mna nyumba za mtaa mzima, na hakuna karani atakayerudi kubisha hodi tena. Tanzania, baada ya sensa yake ya Agosti 2022, vishikwambi, kama tableti ziitwavyo huko, viligawiwa walimu. Kifaa kinapopata mwajiri mpya namna hiyo, kinahitaji kufutwa na kuandikwa upya.

Wakenya wengi wa kawaida walilijua jambo hili la daftari la mbali kabla ya kuwa na laptopu za ofisi. Kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza sola kwa malipo ya kidogo kidogo mwaka 2012, na ndani ya kisanduku mlikuwa na laini ya simu iliyoweza kuzima taa ya asiyelipa. Julai 2020 Safaricom na Google wakaleta mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: shilingi 1,000 za kuanzia, kisha 20 kwa siku, na simu inayojifunga ukichelewa. Ni ufundi ule ule wa daftari, ila hapa kuondolewa kwenye orodha ndiyo risiti ya mwisho ya deni. Mnunuzi wa simu kama hiyo mkononi mwa mtu hana budi kuuliza kama deni limeisha, hata ikiwa haijafungwa siku hiyo.

Kwa ofisi ya Ruiru, sheria nayo imo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwenye kuhifadhi data saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data pale data za watu zinapoangukia mikononi pasipostahili na kuna hatari ya kweli ya madhara. Kampuni inayoweza kuonyesha kwamba diski ilikuwa imesimbwa, na tarehe na saa ambayo amri ya kufuta ilithibitishwa, ina jambo la kusema mbele ya Kamishna. Iliyofuta rekodi kwanza haina hata hiyo tarehe.

Dawa ya laptopu ya mwalimu ilikuwa moja tu: kumwandikia mwenye daftari, kwa nambari ya kiwandani iliyobandikwa chini ya mashine, aitoe. Muuzaji aliahidi kufuatilia. Siku hizi fundi wake akienda kununua mashine za mtumba huwasha data ya simu yake, anazianzisha upya moja moja pale pale kwenye kaunta, na hatoi pesa mpaka skrini imuulize jina lake yeye.