Fundi Anayechelewa Kufuta

Kufuta simu ni kazi ya vitufe viwili. Unabonyeza cha kuwashia pamoja na cha kuongezea sauti, unachagua mstari wa kufuta kila kitu, na simu iliyokwama kwenye nembo inaamka kana kwamba imetoka dukani jana. Kijana yeyote mwenye meza ya kioo pale Tandika, Mbagala Rangi Tatu au Mwananyamala atakufanyia hivyo huku anapiga soga. Ninayemsifu hapa ni fundi mwingine, yule anayeuliza kwanza: "Mama, humu ndani kuna nini?"

Kuna mengi. Kuna hesabu za kikoba, picha za marehemu, namba za wateja wa vitenge, kurasa za daftari alizozipiga picha mwanafunzi wa kidato cha sita. Wengi wetu hatuna kompyuta ya kutunzia nakala, na bando la wiki haliwezi kupandisha picha zote mtandaoni. Kilichofutwa pale mezani kimekwenda.

Kwa hiyo fundi huyu huishuku simu nje kabla ya kuishuku ndani. Inayojizima na kujiwasha yenyewe huenda kitufe chake kimenasa kwa vumbi na jasho. Mwenye haraka ataiflashi, yaani ataandika programu yake upya, na bado itajizima. Betri iliyochoka nayo huangusha umeme simu inapotaka nguvu, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, mafaili huharibika. Basi anaifungua, anaiunganisha na pawasapulai, anatazama ampea. Zikipanda hata kabla kitufe hakijabonyezwa, kuna shoti kwenye bodi. Zikipanda vizuri kisha zikarudi chini palepale kila mara, programu inaanza kushukiwa.

Hapo ndipo anagusa kumbukumbu, tena hatua kwa hatua. Anaanza na kashe, ambayo kuifuta hakugusi picha wala majina. Isiposaidia, anaandika mfumo upya kwa kompyuta, toleo lilelile, akiiacha sehemu ya mwenye simu kama ilivyo. Kufuta kila kitu huja mwisho, na kabla ya hapo anauliza kama unaikumbuka akaunti yako ya Google, maana simu nyingi za Android za miaka hii zikifutwa kwa njia hiyo huidai ndipo zifunguke.

Kabla ya kuandika chochote huwa ameshachukua nakala ya kisehemu kidogo kinachotunza IMEI, ile namba ya tarakimu 15 unayoiona ukipiga *#06#. Kwenye simu nyingi zenye chipu ya MediaTek, anayeamuru kompyuta ifute kumbukumbu yote hukifuta na kisehemu hicho. Simu inawaka vizuri, lakini haishiki mtandao. Dar es Salaam iliyaonja hayo Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipozifungia simu zenye IMEI bandia: simu nzima mkononi, na hakuna wa kumpigia.

Ufundi huu una mpaka wake. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 au toleo la baadaye hufunga data kwa ufunguo unaotegemea chipu ya simu yenyewe, hivyo kung'oa memori na kuisomea kwenye mashine nyingine hakusaidii. Fundi mzuri huyasema hayo kabla ya kupokea pesa. Kisha anahangaika na bodi iliyokufa, akitaka iwake kwa muda wa kuhamisha picha tu, hata kama haitawaka tena.

Kazi kama hiyo ikifanikiwa, haionekani. Mteja anarudishiwa alichokuwa nacho jana, anatafuta kipya hakioni, anaanza kulalamika: "Si umebonyeza tu!" Kuflashi kuna bei inayojulikana mtaani kote, kuacha kuflashi hakuna bei. Mwanafunzi wa ufundi anaiona hesabu hiyo mapema, anashika njia ya mkato, nasi tunamlaumu kwa picha zilizopotea. Ila bei hiyo tumeipanga sisi wateja. Tukimlipa anayetafuta ugonjwa sawa na anayefuta, hata kama kilichohitajika kilikuwa kusafisha kitufe, vijana wataona kuwa subira nayo inalipa.