Kitasa cha Mlango wa Gari: Kazi Safi Inavyojulikana

Mlango usiofunga mpaka ubamizwe, au usiofunguka mpaka upenyeze mkono dirishani uvute kishikio cha ndani, unatengenezeka hapohapo nyumbani. Wengi wakiona umefunga wanaridhika. Mimi siridhiki mpaka niukague.

Anza mlango ukiwa wazi. Ukingoni kuna kitasa chenye ulimi wa chuma uliogawanyika panda. Ndio unaokamata kile chuma cha umbo la U kilichofungwa kwenye nguzo ya gari. Usukume ulimi taratibu kwa bisibisi. Usikie mlio mara mbili. Wa kwanza ni hatua ya akiba, inayouzuia mlango kufunguka hata kama haukufungwa sawasawa. Wa pili ndio kufunga kwenyewe. Mlio mzito na mvivu ni dalili ya grisi ya zamani iliyoganda na vumbi. Wa pili usiposikika, huenda springi imechoka au jino la kuzuia ulimi limelika. Sasa vuta kishikio cha nje: ulimi uruke wenyewe, mara moja, na usiufunge mlango kabla haujaruka. Jaribu na cha ndani pia. Mlango wa nyuma ukigoma kwa ndani tu, tazama kwanza kile kidude cha usalama wa watoto.

Kitasa kilichopakwa oili ya injini nakikataa. Kitateleza wiki hizi, kisha kitanasa vumbi lote la barabarani. Kazi nzuri ni kukisafisha kikauke, halafu grisi nyeupe ya lithiamu kidogo, pale tu chuma kinaposuguana na chuma.

Lakini fundi namjua kwenye klipu. Fito nyembamba zinazotoka kwenye kishikio hadi kwenye kitasa hushikwa na klipu ndogo za plastiki, ambazo zikizeeka hukatika. Wengi hufunga waya wa kujengea, na mlango unafunguka. Waya ukilegea, kishikio kinavutwa hewani kabla ya kushika. Ukikazwa mno ni hatari kubwa zaidi: jino hubaki limeinuliwa nusu, na mlango unaweza kuachia mkiwa mwendoni. Klipu ni bei ndogo dukani. Sioni sababu ya kuikosa.

Halafu ile nailoni nyuma ya kava la mlango. Maji ya mvua hupita kando ya kioo na kutokea matundu ya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasiingie ndani. Ikichanwa na kuachwa, zulia litaloa.

Mwisho kagua chuma cha nguzo. Alama ya zamani kwenye rangi itakuonyesha kama kimesogezwa. Fungua mlango, uinue kwa ncha yake: ukicheza, bawaba zimelika, na kuteremsha chuma ili kiufuate mlango ulioanguka ni kuficha ubovu. Bawaba zitengenezwe kwanza, chuma kirudi kwenye alama yake, ndipo kitasa kipimwe upya.