Besi Haishushwi Katika Rege

Fundi mitambo aliyeteremsha besi kwenye wimbo wa tatu, katika onyesho la rege la hivi karibuni kule Mulongwe, mjini Uvira, alikosea vibaya. Bendi ilikuwa imeiva, mwimbaji alikuwa na pumzi, waitikiaji walishikana vizuri. Yote hayo yaliharibiwa na mkono mmoja.

Ukumbi wenyewe mnaujua: mdogo, kuta za saruji, paa la bati. Katika chumba cha namna hiyo sauti nzito hurundikana kwenye kona, na aliyekaa konani husikia besi nyingi kuliko msikilizaji aliyesimama katikati. Meza ya kuchanganyia sauti iliwekwa hapo hapo konani, ubavuni mwa jukwaa. Spika zilipoanza kuvuma, fundi aliyaamini masikio yake, akashusha besi karibu yote, kisha akapandisha kinanda na gitaa ili kuziba pengo. Angepiga hatua chache tu hadi katikati ya watu angesikia kwamba besi ilikuwa sawa. Na kama mvumo ulimkera, angepunguza yale masafa machache yanayovuma, au angesogeza amplifaya ya besi mbali na ukuta. Mpiga besi aliendelea kuchapa nyuzi bila kusikika.

Matokeo yake kila mtu aliyaona. Mpiga ngoma alikuwa kwenye mdundo wa wandropu, mtindo wa Carlton Barrett wa bendi ya Bob Marley: pigo la kwanza tupu, teke la ngoma kubwa linatua kwenye la tatu. Utupu ule hubebwa na besi. Ilipoondoka, gitaa likabaki linakatakata peke yake huko juu, na makofi ya watazamaji yakapotea njia.

Tatizo hili ni la zamani. Uvira imelelewa na rumba, na kwenye sebene, sehemu yake ya kucheza, gitaa la solo ndilo bwana. Mafundi wetu wamezoea kutega sikio juu. Hata prodyuza Chris Blackwell, alipoitengeneza upya albamu ya Marley, Catch a Fire, huko London kabla ya kuitoa mwaka 1973, aliongeza gitaa la Wayne Perkins ili kuwavuta wasikilizaji wa rock. Toleo la awali la Jamaika, lililotoka mwaka 2001, ni zito zaidi na ni bora zaidi.

Asiyeamini asikilize albamu ya Marley, Live!, iliyorekodiwa Lyceum, London, Julai 1975. Ukumbi ule ulikuwa mkubwa mara nyingi kuliko huu wa kwetu, lakini besi ya Aston "Family Man" Barrett, aliyefariki Februari 2024, inatembea mbele kama sauti ya pili ya uimbaji. Hakuna aliyethubutu kuigusa.

Kosa la Mulongwe linauma kwa sababu pande hizi, Uvira hadi Bujumbura, wasanii wengi hupanda jukwaani na pleibeki tu. Safari hii tulipata bendi kamili, ikafanywa isikike kama kaseti iliyochakaa. Waandaaji, onyesho lijalo iwekeni meza ya sauti katikati ya ukumbi, hata kama nyaya zitavuka njia ya watu.