Uimara wa Mota Isiyofunguka

Mota ya katikati, ile inayokaa penye pedali, husifiwa kuwa ndiyo imara kwa baiskeli za umeme za milimani. Nakubali nusu ya sifa hiyo. Inavuta mnyororo, hivyo hutumia gia za baiskeli na kupanda mlima mrefu bila kuchemka upesi kama mota ya gurudumuni. Lakini mota ya Bosch au Shimano beringi yake ikiingia maji, kwa kawaida hubadilishwa nzima.

Nawafikiria vijana wanaoshusha ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama, juu ya mita 2,000, hadi hapa Bujumbura. Baiskeli yao ikivunjika, fundi wa kando ya njia huitengeneza kwa spana na kipuri cha mtumba, na safari huendelea.

Kufungua mota kunawezekana: ile ya Bafang BBS02 hubadilishwa gia ya nailoni peke yake. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inadai betri iweze kubadilishwa na fundi huru kuanzia Februari 2027, mota haikuihusu.

Kwa hiyo naona uimara unaopimwa kiwandani tu haujakamilika. Upimwe pia mikononi mwa fundi.