Mama Karikó na ile artikle 15 yetu

Tangu mama Katalin Karikó apate tuzo ya Nobel ya utabibu, tarehe 2 Oktoba 2023, maisha yake yamegeuka mahubiri. Tunayasikia kila siku ya kugawa diplome: mwanamke alitoka mji mdogo, alidharauliwa miaka mingi, hakukata tamaa, mwisho kazi yake ikaokoa watu. Basi na wewe mwenye diplome na bila kazi, vumilia tu. Artikle 15, jidebruye!

Nimesoma kitabu alichoandika mwenyewe, Breaking Through: My Life in Science, kilichotoka mwaka 2023. Ni kitabu kizuri. Lakini matukio yaliyomo hayasemi ile tunasema sisi, na mara nyingine hayasemi hata ile mwandishi mwenyewe anataka yaseme.

Tuanze na uzuri wake. Karikó alizaliwa 1955 nchini Hungaria, akakomea Kisújszállás, baba yake akiwa mchinja nyama. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, paa la matete, bila maji ya bomba. Anasimulia vile alikuwa anaangalia baba akipasua nguruwe, na hapo njo alianza kujifunza viungo vya mwili. Hajililii hata kidogo. Akifika mu labo anaonyesha kazi yenyewe: kupima, kukosa, kurudilia, kukosa tena. Wale walifanya memware ya labo watajitambua mu kurasa hizo.

Kazi yake ilikuwa ARN mjumbe. ADN inabaki ndani ya kiini cha seli, sawa kitabu kikubwa kisichotoka ofisini. ARN mjumbe ni kartasi ndogo inayotoka na agizo moja: tengenezeni protini hii. Karikó aliwaza hivi: tukiweza kuandika kartasi hiyo sisi wenyewe, mwili utajitengenezea dawa. Shida ni kwamba ARN ya labo ikiingia, askari wa mwili wanaiona adui na kuwasha moto. Yeye na Drew Weissman wakaona kuwa ARN ya aina nyingine, ile inayobeba asidi amino, haiwashi moto ule, na kumbe imejaa herufi zilizobadilishwa kidogo. Wakatoa uridini, wakaweka psedouridini. Askari wakatulia. Matokeo yalitoka 2005 mu jarida la Immunity, na watu wachache tu walishituka. Kisha miaka 15, chanjo za Kovidi za Pfizer-BioNTech na Moderna zilisimama juu ya kazi hiyo, pamoja na kazi ya wengine waliotengeneza vitone vya mafuta vya kubebea ile ARN.

Sasa somo. Akiwa shule ya sekondari, mwalimu wake wa biolojia alimwelekeza kwa maandishi ya Hans Selye, mtaalamu wa stres, naye mwenye asili ya Hungaria aliyehamia Kanada. Karikó alitoka na kanuni moja: usipoteze nguvu juu ya mambo ambayo hayako mkononi mwako. Kanuni hiyo inarudi mara kwa mara mu kitabu. Hapa njo mimi nakataa kumfuata, juu maisha yake yenyewe yanaonyesha vile yale yasiyokuwa mkononi mwake ndiyo yaliamua karibu kila kitu.

Tuhesabu pamoja. Mwaka 1985 pesa za kazi yake mu kituo cha utafiti cha Szeged ziliisha. Akaenda Philadelphia na bwana yake Béla na mtoto wa miaka 2, pauni 900 hivi zimefichwa ndani ya dubu ya mtoto, maana sheria haikuruhusu kutoka na pesa nyingi. Huko chuo kikuu cha Temple, anavyosimulia, alipopata kazi kwingine bosi wake alimtisha kwamba atafukuzwa nchini. Kwa mhamiaji, bosi akikasirika hata karatasi za kuishi ziko hatarini. Mwaka 1989 daktari wa moyo Elliot Barnathan alimpokea chuo kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 1995, baada ya kukosa pesa za utafiti mara nyingi, akashushwa cheo, wakati uleule anapimwa kansa na bwana yake amekwama Hungaria juu ya viza. Barnathan alipoondoka, ni David Langer, daktari kijana aliyewahi kufanya kazi naye, alisukuma mpaka idara ya upasuaji wa ubongo ikamchukua. Mwaka 1997 alikutana na Weissman ku mashini ya fotokopi, na Weissman alikuwa na labo na pesa. Mwaka 2013 akatoka, akaenda kampuni ya BioNTech, Ujerumani.

Uvumilivu alikuwa nao wakati wote, siku alizoinuka na siku alizoanguka. Kitu kilichobadilika ni kama kuko mtu wa kumpa meza ya kazi ao hakuna. Bila Langer, hakuna fotokopi na Weissman. Na wale waliovumilia sawa yeye lakini hawakupata Langer wao, nani ameandika kitabu chao?

Kasoro ya kitabu ni kwamba hasira yake ni kidogo. Chuo kilichomshusha leo kinajivunia jina lake, na haki za ugunduzi ule zimekiingizia mamia ya mamilioni ya dola. Kusamehe ni haki yake. Lakini msomaji kijana anaweza kufunga kitabu akifikiri kwamba kudharauliwa ni sehemu ya masomo, sawa mtihani wa kuingia. Hapana! Miaka ile ilikuwa hasara, na waliolipa si yeye peke yake, ni wote wangefaidika mapema zaidi.

Kwetu hadisi hii iko na ndugu yake. Desemba 2020, mwezi uleule Marekani iliruhusu chanjo ya Pfizer-BioNTech, iliruhusu pia Ebanga, dawa ya Ebola. Dawa hiyo ilianzia ku damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Profesa Muyembe, aliyesoma Leuven akarudi nyumbani, ni mmoja wa waliosukuma kazi hiyo, na majaribio makubwa yalifanyika hapa, Kivu Kaskazini, 2018 mpaka 2019. Lakini antikore yenyewe ilitengwa mu labo za ngambo. Damu ya hapa, mashini za kule. Karikó alifuata meza mpaka ngambo. Muyembe alirudi nyumbani, na sehemu ya meza ikabaki ngambo. Hakuna kati ya hao wawili aliyekosa uvumilivu.

Ndiyo maana naomba tuache kutumia jina la huyu mama kwa kunyamazisha watu. Asistan anayefanya miezi bila mshahara akiuliza, tusimjibu "Angalia Karikó." Dada aliyepata buruse na kwenda tusimwite msaliti, na kijana aliyeacha labo juu ya kulisha wadogo zake tusimwite mvivu. Artikle 15 inaweza kukulisha leo, lakini haiwezi kununua friza ya kutunza sampuli, wala mafuta ya jenereta umeme ukikatika usiku.

Someni kitabu, na mkikisoma mshike jina la Langer kuliko yote. Hakuwa mkubwa wa chuo wala hakuwa na pesa. Alijua tu ubora wa kazi ya mwenzake, akaenda kusema mahali neno lake lilisikiwa. Kati yetu kuko tayari wenye ufunguo wa labo, wenye kukaa mu komite za buruse, wenye kusaini barua za kupendekeza watu. Mwaka wa masomo unaanza: andikeni jina moja la mtu mnayejua anafanya kazi vizuri na hana mahali pa kuifanyia, kisha mwende kuliongelea kwa mwenye kuamua.